Fundi wa Mlango wa Jikoni

Fundi alikuwa akivua viatu mlangoni hata kwenye nyumba zenye sakafu ya udongo. Mwenye nyumba akimwambia aingie navyo tu, anajibu kwamba akiwa na viatu hasikii. Kisha anakaa kwenye kiti cha karibu, hafungui begi, hatoi bisibisi, ananyamaza robo saa nzima. Watu wa Mbinga waliomwita kwa mara ya kwanza walidhani anasali au amesinzia. Alikuwa anasikiliza mlango gani unafunguliwa mara nyingi, nani anapita wapi, maji yanachotwa upande gani. Akimaliza ndipo anasema, "Haya, nieleze shida yako," na mara nyingi alikuwa ameshaijua.

Nilimfahamu miaka kumi na mmoja. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi, naye alikuwa akila kwangu mchana, wali na maharage, bila nyama, na glasi ya maji ya moto ambayo alitaka yawe moto kweli. Alikuwa fundi redio kwanza, halafu fundi simu, halafu fundi wa sola. Mwisho akawa fundi wa hivi vitu ambavyo watu wanaviita nyumba janja: vihisi, yaani vidude vidogo vinavyojua kwamba mlango umefunguliwa au mtu amepita, taa zinazojiwasha zenyewe, na kisanduku kimoja cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinachopokea habari zote hizo na kuzituma kwenye simu.

Jina la nyumba janja alilikataa. Alisema nyumba haina akili yoyote, na anayekuambia inayo ana kitu anataka kukuuzia. Kile kisanduku alikiita kiranja. Kiranja wa darasa, alisema, hafundishi na hachapi mtu. Anaandika nani yupo na nani hayupo, anapeleka karatasi kwa mwalimu, basi.

Tulimzika wakati wa kuchuma kahawa, siku yenye baridi na ukungu mpaka saa tano. Mimi nimesoma hadi darasa la saba na sina mazoea ya kuandika. Lakini waliosimama msibani walisema alikuwa mpole na hakuwahi kusema uongo. Nilikaa kwenye mkeka nikijua kwamba hakuwa mpole, na kwamba uongo alisema, mara moja, mimi nikiwepo. Sikuona vizuri azikwe na maneno ya mtu mwingine.

Upole hakuwa nao. Waya ukikataa kushika risasi ya kulehemu aliutukana kama mtu anayemjua. Wateja nao aliwasema usoni. Bwana mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi alimwita nyumbani kwake akitaka kila kitu kwa mkupuo: taa za kuwaka kwa kuambiwa, pazia za kujifungua, geti la kulitambua gari likiwa bado barabarani. Alikuwa ameona kwenye video. Fundi akavua viatu, akakaa, akasikiliza. Alipoinuka alimwuliza yule bwana kama mkono wake una ugonjwa. Bwana akasema hana ugonjwa wowote.

"Basi taa washa kwa mkono," Fundi akamwambia. "Mimi nitakuwekea kihisi kimoja kwenye tenki la maji, maana tangu nimekaa hapa mke wako amepanda ngazi mara tatu kuchungulia kama limejaa."

Bwana alikasirika akamtoa. Wiki iliyofuata mke wake alikuja mgahawani kwangu kumtafuta Fundi, amesimama mlangoni na mkoba wake, hataki kukaa, hataki chai. Kihisi cha tenki kipo mpaka leo. Taa wanawasha kwa mkono.

Anza na kimoja, hilo ndilo neno alilolirudia kwa kila mtu. Kimoja kikikusaidia mwaka mzima, njoo tuzungumze cha pili. Aliamini kwamba kitu cha rahisi kinaweza kufanya kazi vizuri kuliko cha ghali kama kimewekwa mahali pake, na alikuwa na uhakika na jambo hilo kiasi kwamba hakuwahi kubishana. Alikuwa anakwenda kukiweka. Mkulima mmoja wa Ukata alikuwa akiharibikiwa kahawa kwenye meza za kuanikia, mvua inanyesha wakati familia yote iko shambani upande wa pili wa mlima. Alitaka habari ya mvua imfikie kwenye simu. Fundi akamwuliza kama huko shambani simu inashika mtandao. Haishiki. Basi akatengeneza kihisi kwa kifuniko cha kopo na nyaya mbili, akakiunganisha na honi ya pikipiki iliyokufa, akaitundika juu ya mti. Tone la kwanza likidondoka, honi inalia bonde zima. Majirani nao wakawa wanakimbilia kahawa zao kwa honi hiyohiyo, na yule mkulima akalalamika kwamba anawahudumia bure. Fundi akamwambia kama inamuuma aende akawazibe masikio.

Alikuwa mtu wa kutaka salamu. Kijana akipita bila shikamoo alimsimamisha hata katikati ya barabara. Lakini ujumbe wake wa simu haukuwa na salamu wala jina. Niliwahi kupata mmoja uliosema "Betri," basi. Mwingine ulisema "Sio leo." Kanisani alikuwa anakaa karibu na vipaza sauti, na kimoja kikikoroma katikati ya mahubiri aliinuka akaenda kukitengeneza, padre akiendelea kusema. Alivaa sweta lake la kijani hata ziwani, kule Nyasa, mahali ambapo watu wanatembea na jasho saa mbili asubuhi.

Ziwani nilimpeleka mimi.

Mama yangu anaishi Mbaha, peke yake tangu baba afariki, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga, hatua chache kutoka mchangani. Mwaka mmoja aliteleza jikoni asubuhi na mapema, akalala chini mpaka karibu adhuhuri, jirani yake alipokuja kuomba moto ndipo akamkuta. Mguu haukuvunjika. Lakini kaka yangu wa Songea, ambaye ndiye mkubwa, akasema basi, Mama ahamie kwake. Mama akasema hahami. Alisema Songea atakufa kwa mambo mawili, baridi na kutazamwa. Wakavutana mpaka kaka akatoa neno la mwisho: ikipatikana njia ya kujua kila asubuhi kwamba Mama ameamka salama, atamwacha. Isipopatikana, mvua zikiisha anakuja na gari kumchukua na mlango utafungwa kwa kufuli.

Namjua Mama. Kumtoa pale kwa nguvu kungemmaliza. Kwa hiyo nilimweleza Fundi siku moja nikimpakulia, naye akasema twende.

Siku hiyo alikuwa na haraka ya gari la kurudi. Alisikiliza dakika chache tu, akafunga kiranja sebuleni na paneli ndogo ya sola juu ya bati, kihisi kimoja kwenye mlango wa mbele na kingine cha kuona mtu akipita sebuleni. Kwa nyumba ya huku kwetu Mbinga ingekuwa kazi nzuri. Huku baridi inawaweka watu ndani, na asubuhi mlango wa mbele ndio unafunguliwa kwanza. Kule Mbaha ni joto. Mama anaingia sebuleni akija mgeni wa heshima. Anatokea mlango wa nyuma, anakwenda jikoni, ambako ni kibanda kilichojitenga nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo siku yake yote iko nje. Wakati wa joto kali hata usiku anatandika mkeka kibarazani.

Wiki ya tatu nikapata ujumbe: tangu jana mlango haujafunguliwa, hakuna mtu aliyepita. Nikapiga simu ya Mama, inaita tu. Nikampigia kaka. Alitafuta gari Songea, akanipitia Kitai ambako nilitangulia kumngoja, tukashuka ziwani hatusemeshani, mimi nikifikiria nitamvika Mama kitenge gani. Tulimkuta mchangani na wanawake wenzake wanageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja. Alituona tunakuja mbio, kaka amevaa viatu vya ofisini, akaacha kugeuza.

"Nani kafa?" akatuuliza.

Kaka hakucheka. Alipopata pumzi aliniambia mbele ya wanawake wote: "Kidude chenu kimesema Mama amekufa, kumbe anaanika usipa. Siku akifa kweli kitasema anaanika usipa." Akasema mvua zikiisha anakuja, na safari hii hataki kusikia habari za fundi.

Nilimweleza Fundi kesho yake. Aliweka kijiko chini, na chakula kile hakukimalizia. Sikuwahi kumwona akiacha chakula. Alisema amefunga nyumba ya Umatengo, ya huku milimani, kule ufukweni, na kwamba angemwuliza mtu wa kwanza tu pale angeambiwa kwamba ni ujinga. Hakunilaumu mimi ambaye nilizaliwa katika nyumba ile na sikumwambia kitu, na ningeweza kumwambia. Sikuwaza. Mambo ya nyumbani kwenu huyaoni.

Akarudi Mbaha peke yake, akafikia kwa katekista wa jirani, akakaa siku nne. Hakufunga kitu siku tatu za kwanza. Alimfuata Mama na daftari la miraba, lile la hesabu, akiandika anaamka saa ngapi, anashika nini kwanza, anakaa wapi jua likiwa upande gani. Mama alimvumilia siku moja. Ya pili akampa jembe, akamwambia kama anataka kujua anavyolima muhogo alime. Akalima, na sweta lake. Jioni Mama alinipigia simu kuniambia huyu mtu wako hajui kulima lakini hachoki.

Alichogundua ni kwamba mlango wa jikoni ndio kila kitu. Mama akiwa mzima, akiwa na homa, akiwa amefunga Kwaresma, kabla jua halijatoka anafungua jiko achokoe moto. Hapo ndipo Fundi alipohamishia kihisi. Alikiweka ndani ya kopo la maziwa alilolitoboa, ili moshi na masizi yasikiue. Ikifika saa moja asubuhi na mlango ule haujafunguliwa, kiranja anatuma ujumbe kwangu, kwa kaka na kwa jirani. Ukifunguliwa anatuma pia, maneno mawili tu: jiko limefunguliwa.

Kulikuwa na kitufe vilevile, cha kubonyeza akipata shida. Alitaka Mama akivae shingoni. Mama alikitazama kikining'inia kwenye kamba yake, akasema, "Mimi si ng'ombe, mwanangu."

Fundi hakubisha. Alikwenda jikoni akamwuliza ni wapi hasa alipoangukia. Mama akamwonyesha. Akalala chali pale chini, kwenye majivu, na sweta lake, akanyoosha mkono wa kulia kisha wa kushoto, akaweka alama ya mkaa ukutani mahali vidole vyake vilipofika. Jirani alikuja kuangalia na watoto wake, wakacheka sana. Akalala tena kibarazani, na tena nje ya choo. Kwenye kila alama akafunga kitufe, chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi hata kukiona.

Mvua zilipoisha kaka akaja na gari kama alivyoahidi. Alikaa siku mbili akikagua. Alimwambia Mama asifungue jiko, ujumbe ukaja. Akamwambia afungue, ukaja. Akalala chini mwenyewe na suruali yake nzuri akabonyeza vitufe vyote vitatu. Mwisho akasema sawa, Mama abaki, ila iongezwe kamera moja sebuleni na moja jikoni ili awe anamwona.

"Hiki kisanduku hakipokei kamera," Fundi akasema.

Kinapokea. Mwezi ule ule alikuwa amefunga kamera kwenye duka moja karibu na stendi, kisanduku cha aina ileile, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Kaka alinitazama. Nikatazama chini. Huo ndio uongo wake ninaoujua, nami nilikuwa nusu yake.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza kwa nini. Alisema angemwambia kweli, kwamba kinapokea ila yeye hafungi, kaka angeuliza sababu, naye angemjibu, na wangegombana mbele ya mama yake mzazi. "Inatosha ajue kwamba ameamka," alisema. "Anavyoamka ni mambo yake mwenyewe." Halafu gari lilipofika Kitai, tukingoja abiria, akaniambia jambo ambalo sikulipenda. Alisema, "Nimekurahisishia. Sasa usije ukaacha kwenda."

Nilinuna mpaka Mbinga. Lakini kwenda niliacha. Zamani nilikuwa nashuka Mbaha kila mwezi, nikifunga mgahawa siku mbili. Baada ya ule mlango kuanza kuniletea habari, nilikwenda Krismasi, na mara moja wakati wa kupanda. Ujumbe ulikuwa unaingia mikono yangu iko kwenye unga wa chapati, nausoma kwa jicho moja, moyo unatulia, naendelea. Ilikuwa hivyo miaka miwili. Mama hakulalamika, na yuko Mbaha hadi leo, kwenye nyumba yake.

Nyumbani kwa Fundi hakukuwa na kitu. Vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, redio moja, meza ya kazi, masanduku ya vifaa vya watu. Nilimtania siku moja kwamba kinyozi ana nywele ndefu, afunge basi na kwake. Akasema angefunga, ila hajui aandike namba ya nani. Alisema kama anavyosema habari za betri, akaomba aongezewe maji ya moto. Nikamwongezea.

Msimu huu wa kahawa alikosekana mgahawani. Niliona. Nilidhani amepata kazi ndefu wilaya ya Nyasa, kama kawaida yake, na stendi ilikuwa imejaa watu wa kahawa, sikuwa na nafasi hata ya kukaa. Wiki mbili zikapita. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Asubuhi moja saa moja kamili simu ikalia: jiko halijafunguliwa. Nikampigia jirani wa Mbaha. Yeye naye alikuwa ameshapata ujumbe, na hakuonekana kushtuka hata kidogo.

"Si yuko huko kwako?" akaniuliza. "Jana alfajiri nimemsindikiza kwenye gari mwenyewe. Amesema anakuja Mbinga."

Kwangu hakufika. Nikapiga simu yake, akapokea mara ya kwanza.

"Niko kwa Fundi," Mama akasema. "Anaumwa. Njoo na unga wa muhogo kama unao, na chumvi. Humu ndani hamna chumvi."

Nilikwenda karibu nikikimbia. Njiani kaka akapiga. Naye alikuwa amepata ujumbe, na nilipomweleza akasema tumembembeleza miaka yote hii apande milimani, amekataa watoto wake, leo anampandia mtu baki. Akaniambia nimtoe pale nimpeleke kwangu, na kesho nimrudishe Mbaha. Nikasema sawa. Nilikuwa na nia hiyohiyo.

Mama alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, amejifunga kitenge juu ya sweta lile la kijani. Fundi alikuwa kitandani chini ya mablanketi mawili. Sikuwa tayari kwa uso ule. Nikasema shikamoo, akaitikia kwa sauti yake ya siku zote, na nikamwuliza kwa nini hakuniita.

"Ulikuwa na wateja," akasema.

Nikamwuliza Mama yeye amejuaje. Akaniambia kwamba Fundi alikuwa anampigia simu kila Jumapili baada ya misa, tangu alipofunga ule mlango. Anasema anajaribu mtandao. Anauliza usipa, anauliza muhogo, anauliza mguu. Jumapili mbili zimepita hajajaribu mtandao, na Mama akapanda gari. Alishuka Kitai, akangoja basi la Songea, akauliza watu stendi ya Mbinga fundi wa vidude anakaa wapi. Alipita mbele ya mgahawa wangu. Aliona nina foleni.

Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu, na sote watatu tulielewa maana yake, kwa hiyo haikuzungumzwa. Nikamwambia Mama kwamba kaka anataka alale kwangu, na kesho arudi. Alikuwa anapepeta unga niliouleta, hakuinua uso.

"Mwambie nikimaliza nitarudi."

"Ukimaliza nini, Mama?"

Fundi ndiye aliyesema, macho amefumba. Alitaka kujua simu yangu inasemaje. Nikamsomea: jiko halijafunguliwa, hakuna mtu aliyepita, betri nzuri. Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama anavyofanya akikagua kazi ya mtu mwingine akaikuta imenyooka.

"Inafanya kazi," akasema.

"Izime," Mama akasema. "Inamtisha mwanangu wa Songea bure. Nyumba haina mtu, haina shida. Akitaka, aende aione imekaa hivyohivyo."

Nikaizima. Nikampigia kaka palepale, nikamwambia kweli yote, pamoja na habari ya kamera. Kisha akauliza kama Fundi ana mablanketi ya kutosha, na jioni akaleta mawili.

Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono. Aliniambia amemgeuza peke yake tangu jana na kiuno kinamuuma, kwa hiyo nikaribie. Yeye akashika mabega. Nikaingiza mikono chini ya magoti ya Fundi, na hakuwa na uzito wowote.

"Polepole," akasema. "Mimi si friji."

Mama akacheka, na mimi nikacheka, tukamgeuza akaelekea dirishani. Halafu nikampigia mwenzangu mgahawani nikamwambia azime moto, afunge, aende nyumbani. Akaniuliza tutafungua lini. Nikamwambia sijui.